Kifua cha Mchorongaji: Vumbi la Mgodini na Namna ya Kulizuia

Mwezi huu ukurasa wetu unazihusu zaidi familia ambazo baba, kaka au kijana wao anapata riziki kwa kuendesha mashine chini ya ardhi. Familia hizo ni nyingi. Wako wanaapolo wanaotafuta tanzanaiti huko Mirerani. Wako wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, Kahama na Chunya. Na wako walioajiriwa katika migodi mikubwa kama Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, ambako dhahabu hufuatwa chini kabisa ya ardhi.

Watu wakisikia habari za mgodi huogopa kifusi, mafuriko na kukosa hewa. Hofu hiyo ina sababu. Mwaka 1998, na tena mwaka 2008, maji ya mvua yaliingia katika mashimo ya Mirerani na kuua watu wengi. Mwaka 2002 wengine walikufa huko huko kwa kukosa hewa safi. Ajali za namna hiyo hutangazwa redioni, na nchi nzima husikitika.

Lakini iko hatari nyingine ambayo haitangazwi, kwa sababu haiui watu wengi kwa siku moja. Inamwua mtu mmoja mmoja, kitandani kwake, pengine miaka mingi baada ya kuacha kazi, na majirani wanasema alikufa kwa kifua. Hatari hiyo ni vumbi la mwamba. Na katika wote walioko mgodini, anayelivuta zaidi ni yule anayeshika mashine ya kuchoronga.

KAZI YA MCHORONGAJI NI IPI?

Kwa wale ambao hawajafika mgodini, tueleze kidogo. Mwamba hauvunjwi kwa sururu peke yake. Kwanza hutobolewa matundu marefu, kisha matundu hayo hujazwa baruti na kulipuliwa, halafu mawe yaliyovunjika huzolewa na kupandishwa juu. Kutoboa matundu hayo ndiko kuchoronga.

Katika machimbo madogo, mashine ya kuchoronga hushikwa kwa mikono. Juu ya shimo huwekwa kompresa, nayo husukuma hewa kwa nguvu kupitia mpira mrefu hadi chini. Hewa hiyo huifanya mashine igonge na kuzungusha chuma kirefu chenye ncha ngumu. Katika migodi mikubwa, mashine huwa ni mtambo wenye magurudumu, na opereta hukaa juu yake. Kama mtambo una chumba kilichofungwa chenye hewa iliyochujwa, opereta yuko salama zaidi, mradi mlango na madirisha yasiachwe wazi.

Chuma kinaposaga mwamba, unga wake hauna budi kutoka nje ya tundu. Pakiwa na maji, unatoka kama tope. Pasipokuwa na maji, unatoka kama moshi, na moja kwa moja unakwenda usoni pa mchorongaji. Huko ndiko kuchoronga kukavu, na ndiyo asili ya ugonjwa tunaouzungumzia.

VUMBI HILI LINA NINI NDANI YAKE?

Karibu kila mwamba mgumu una kitu kinachoitwa silika. Mawe meupe yanayong'aa, ambayo wachimbaji wa dhahabu huyafuata kwa sababu mara nyingi dhahabu imo ndani yake, ni silika karibu tupu.

Jiwe likiwa zima halina madhara. Likisagwa, hutoa chembe ndogo mno. Chembe kubwa tunaziona. Zinaingia puani, tunapiga chafya, tunatema, yamekwisha. Zinazoua ni zile zisizoonekana kwa macho, ambazo ni nyembamba mara nyingi kuliko unywele. Hizi hupita puani, hupita kooni, na kufika chini kabisa ya mapafu, katika vifuko vidogo ambamo hewa huingia kwenye damu. Tena hukaa hewani kwa saa kadhaa hata baada ya mashine kuzimwa. Kwa hiyo shimo linaloonekana kuwa na hewa safi huenda bado lina sumu.

Mwili una askari wake ndani ya mapafu, ambao kazi yao ni kumeza uchafu. Askari hao humeza chembe ya silika, lakini hawawezi kuiyeyusha. Wanakufa, na chembe inabaki. Wanakuja wengine, nao wanakufa. Mahali hapo pafu hufanya kovu, kama ngozi inavyofanya kovu baada ya kuungua. Kovu halivuti hewa. Makovu yakizidi, pafu hukakamaa, na mtu hukosa pumzi. Ugonjwa huu huitwa silikosisi.

Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza. Lakini mahali penye vumbi zito, kama shimo jembamba linalochorongwa pakavu, unaweza kuja baada ya miaka 5, na wakati mwingine baada ya miezi tu. Tena mwaka 1997 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliiweka silika ya namna hii katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Tuseme wazi: silikosisi haina dawa ya kuiponya. Makovu hayafutiki, na yanaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha mgodi. Ndiyo maana kuzuia ni jambo kubwa kuliko yote.

DALILI ZAKE

Mwanzoni hakuna dalili. Kijana ana nguvu, anabeba mashine, anajiona mzima. Baadaye huanza mambo haya:

1. Kikohozi kisichokwisha, kikavu au chenye makohozi.
2. Kuishiwa pumzi, kwanza akipanda ngazi au mlima, baadaye hata akivaa viatu.
3. Kuchoka upesi na kubanwa kifua.
4. Kupungua uzito.

Mara nyingi mke ndiye wa kwanza kugundua. Anaona mumewe anasimama njiani wakitoka sokoni, au hawezi tena kulala bila mito miwili. Mama mpendwa, ukiyaona haya usingoje.

MBONA ANAAMBIWA NI KIFUA KIKUU?

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, maana ndipo wengi wanapopotea.

Dalili za silikosisi zinafanana sana na za kifua kikuu, yaani TB. Hata katika picha ya eksirei magonjwa haya mawili yanaweza kufanana. Basi mchorongaji anakwenda zahanati akiwa anakohoa na amekonda. Anapimwa makohozi, vijidudu havionekani, lakini kwa kuwa dalili ni zile zile anapewa dawa za TB. Anamaliza miezi 6, hapati nafuu. Anapewa tena. Hakuna aliyemwuliza anafanya kazi gani, naye hakusema. Wakati huo huo, akipata nguvu kidogo, anarudi shimoni kuvuta vumbi lile lile.

Lakini tusikosee upande wa pili. Mtu mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine, mara tatu au zaidi, kwa sababu vumbi limewaua wale askari wa mapafu ambao wangepambana na vijidudu. Kama pia ana virusi vya UKIMWI, hatari huwa kubwa zaidi sana. Hatari hiyo inabaki hata akiwa ameacha mgodi miaka mingi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. TB inapona kwa dawa, na dawa hizo hutolewa bure katika hospitali za serikali. Asiziache njiani kwa kufikiri kwamba ni vumbi tu.

Tofauti kubwa kwa familia ni hii: silikosisi haiambukizi, lakini TB inaambukiza. Mchorongaji akikohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe TB, na waliomo nyumbani, hasa watoto wadogo, wapimwe pia ikionekana anayo.

Dawa ya mkanganyiko huu ni sentensi moja. Mgonjwa akiingia kwa daktari aseme: "Mimi nimechoronga mwamba miaka minane, na sehemu kubwa ya muda huo hatukutumia maji." Asiseme tu "nafanya vibarua" au "nipo machimboni". Mpika chai wa machimboni naye yupo machimboni. Daktari akijua ni mchorongaji, na kwa miaka mingapi, ataitazama picha ya kifua kwa macho mengine. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, ambayo ni hospitali maalumu ya magonjwa ya kuambukiza kikiwemo kifua kikuu, haiko mbali na Mirerani na imewahudumia wachimbaji wengi wa huko. Kwingineko, mgonjwa aombe kupelekwa hospitali ya mkoa au ya rufaa. Pia Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mwenye silikosisi ambaye hana TB apewe dawa za kuikinga. Mgonjwa amwulize daktari wake juu ya dawa hizo.

MAJI NDIYO KINGA

Mambo haya hayakuanza jana. Mashine za kuchoronga kwa nguvu ya hewa zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, kazi ilikwenda mbio, na vumbi likaongezeka. Huko Marekani wachimbaji walizipa jina la "mtengeneza wajane". Katika migodi ya dhahabu ya Transvaal, Afrika ya Kusini, taarifa ya serikali ilionyesha kwamba kati ya wachorongaji 1,377 walioajiriwa kabla ya vita vya Makaburu, 225 walikuwa wamekwisha kufa kati ya Oktoba 1899 na Januari 1902. Walikuwa watu wazima wenye nguvu, si wazee.

Fundi mmoja wa Denver, George Leyner, alibuni mashine yenye chuma kilicho na tundu katikati, ili maji yapite ndani ya chuma hadi kwenye ncha na kulowesha unga kabla haujatoka. Kwa njia hiyo zaidi ya asilimia 80 ya vumbi huzuiwa. Jambo hilo linajulikana kwa zaidi ya miaka 100.

Ubaya ni kwamba kujua si kutenda. Mwaka 1930 na 1931, katika jimbo la West Virginia, Marekani, mfereji wa chini ya mlima ulichimbwa mahali paitwapo Hawk's Nest. Mwamba ulikuwa na silika nyingi mno, na ili kazi iende haraka walichoronga pakavu. Wengine waliugua baada ya miezi michache tu. Daktari Martin Cherniack, aliyelichunguza jambo hilo baadaye, alikadiria kwamba wafanyakazi wasiopungua 764 walikufa. Wengi wao walikuwa Weusi waliotoka mbali kutafuta kazi wakati wa njaa.

Tunayasimulia haya kwa sababu maneno yaliyosemwa wakati ule ndiyo yanayosemwa leo katika machimbo yetu: maji ni ghali, maji yanachelewesha, maji yanachafua shimo. Ni kweli kwamba Mirerani ni pakame na maji hununuliwa. Lakini mwenye shimo anayenunua mafuta ya kompresa kila siku anaweza kuweka na pipa la maji. Wachorongaji wakisema kwa pamoja kwamba bila maji mashine haiwashwi, watasikilizwa kuliko mmoja akisema peke yake.

Basi mchorongaji ashike mambo haya:

1. Afungulie maji kabla chuma hakijagusa mwamba. Maji yapite ndani ya chuma. Kumwagia nje kwa kopo kunasaidia kidogo tu.
2. Baada ya kulipua, asirudi upesi. Moshi wa baruti una gesi zinazoua na vumbi ni jingi. Arudi pale tu msimamizi atakapohakikisha kwamba hewa imesafika.
3. Kabla ya kuzoa mawe, yaloweshwe.
4. Avae barakoa maalumu ya vumbi yenye chujio, inayobana usoni bila kuacha nafasi. Ndevu nyingi huiachia vumbi lipite. Barakoa ni msaada wa maji, haichukui nafasi ya maji.
5. Aache sigara. Pafu lililo na vumbi haliwezi kubeba mzigo wa pili.

Wanaosaga mawe kwenye makarasha, wakiwemo akina mama, wanavuta vumbi lile lile. Nao wafuate kanuni hizi.

LESO, MAZIWA NA POMBE

Wengi hujifunga leso puani. Leso huzuia vumbi linaloonekana. Lile linaloua hupita katikati ya nyuzi kama inzi anavyopita mlangoni.

Wengine hunywa maziwa jioni ili "kusafisha kifua". Maziwa ni chakula kizuri, wanywe. Lakini maziwa huenda tumboni na vumbi liko mapafuni, na njia hizo mbili hazikutani. Kadhalika gongo na konyagi hazisafishi kitu. Zinachoweza kufanya ni kumsahaulisha mtu kikohozi chake, na kumchelewesha kwenda hospitali.

VUMBI LISIFIKE NYUMBANI

Nguo za mgodini zisikung'utwe ndani wala karibu na watoto. Mchimbaji aoge na kubadili nguo kazini kama inawezekana. Kama haiwezekani, azivue nje, ziloweke kwenye maji kwanza, ndipo zifuliwe. Anayefua ni mama au binti, naye ana mapafu kama wengine.

MADHARA MENGINE YA MASHINE

Vumbi siyo jambo pekee. Mashine ya kuchoronga ina kelele nyingi kiasi kwamba watu wawili wakipiga mayowe hawasikilizani. Kelele hiyo huua usikivu kidogo kidogo, na ukipotea haurudi. Kama mume anawasha redio kwa sauti ya juu kuliko zamani, au anasema "eeh?" kila mara, huenda si ujeuri. Avae vizibo vya masikio kila siku.

Mtikisiko wa mashine nao huumiza mishipa ya vidole. Huanza kwa ganzi na kuchomwachomwa usiku, baadaye hata kufunga kifungo cha shati ni kazi. Apumzishe mikono, wapokezane mashine, wala asiishike kwa kuikamua.

Kompresa isiwekwe mahali ambapo moshi wake unavutwa tena na kusukumwa chini. Moshi huo una gesi isiyo na harufu inayoua watu kimya kimya. Moshi wa injini za dizeli pia, tangu mwaka 2012, umethibitishwa kuwa unasababisha saratani.

Mwisho, mchorongaji asitie chuma kamwe katika tundu la zamani. Huenda baruti ilibaki humo bila kulipuka.

HAKI YAKE

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara akiwa kazini. Kwa mchorongaji, vipimo muhimu ni picha ya kifua, kupuliza hewa kwenye kipimo cha mapafu, na usikivu. Aombe matokeo yake na kuyatunza.

Aliyeajiriwa akipata ugonjwa uliotokana na kazi anaweza kudai fidia kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa sheria ya mwaka 2008. Asichelewe, maana madai yana muda wake. Shida ni kwamba ugonjwa huu hutokea miaka mingi baadaye, wakati kampuni imeondoka na karatasi zimeliwa na mchwa. Kwa hiyo mkataba, kitambulisho cha kazi, hati za malipo na picha za kifua viwekwe pamoja nyumbani, mahali pakavu, na mke ajue vilipo.

Mwanaapolo anayefanya kazi kwa mgawo mara nyingi hana mkataba wa maandishi. Hata hivyo, awe na daftari. Aandike alichoronga shimo gani, tangu mwezi gani hadi mwezi gani, na kama palikuwa na maji. Daftari hilo litamsaidia daktari hata kama halitamsaidia mahakamani.

Ndugu wasomaji, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama nyumbani kwenu yuko mchorongaji, mwulizeni jioni ya leo maswali mawili: "Je, mnatumia maji mnapochoronga?" na "Lini ulipigwa picha ya kifua mara ya mwisho?" Akijibu kwamba hawatumii maji na hajawahi kupigwa picha, basi msiingoje mpaka akohoe. Aende hospitali akiwa bado ana nguvu za kutembea mwenyewe, na akifika aitaje kazi yake.